Kishikwambi Namba Kumi na Saba

Zuwena Idarusi alikuwa amevihesabu vishikwambi mara nne tangu alfajiri. Kila mara vilikuwa thelathini, na kila mara hakujiamini. Alivihesabu kitandani kwao Ngamiani kabla ya kuoga, akavihesabu tena chai ikimpoa, akavihesabu ndani ya bajaji huku ameupakata mkoba kama mtoto mwenye homa. Sasa alikuwa akivihesabu mezani, mbele ya darasa la sita la shule moja ya msingi huko Mabawa, na Mwalimu Ernesti, mwalimu wa darasa, amesimama pembeni anamtazama.

"Binti, vimezaa?" akamuuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi viache vipumzike. Na wewe upumzike. Umekuwa kama bibi harusi aliyepotelewa na kiatu."

Zuwena akacheka, lakini mikono haikucheka. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo kikuu. Shirika lililompa mkataba wa miezi mitatu lilikuwa likitafuta watoto kumi katika jiji zima la Tanga, liwasomeshe sekondari ya bweni mpaka kidato cha nne. Halikutaka kujua nani anakariri tarehe za historia wala nani ana tuisheni ya jioni. Lilikuwa na jaribio la uwezo wa kufikiri, linafanywa mtandaoni, maumbo matupu bila maneno. Zuwena aliliamini jambo hilo kwa roho yake yote. Alipofunzwa kazi aliwaambia nyumbani kwamba hatimaye umepatikana mtihani usiojali mtoto ametoka mlango gani.

Kilichomtia hofu ni kanuni. Msimamizi husoma maelezo kama yalivyoandikwa. Haongezi neno, hapunguzi neno. Mtoto akiuliza chochote, jibu ni moja: "Angalia vizuri, kisha chagua unaloona ni sahihi." Mwisho wa jaribio msimamizi hujaza tamko, na ikibainika kwamba aliongeza neno, kikao kizima huweza kufutwa, na shule ikatoka kwenye orodha. Dada Nazlin Pyarali, mratibu wao pale ofisini Raskazone, alikuwa amemwita pembeni siku ya mafunzo.

"Wewe una huruma, Zuwena. Naiona usoni, huwezi kuificha. Siku ya jaribio huruma hiyo iache kwenu. Ukimsaidia mmoja umewaibia ishirini na tisa."

Watoto waliingia wakasimama, wakaamkia kwa sauti moja mpaka madirisha yakaitikia. Walipokaa, Mwalimu Ernesti akamwinamia Zuwena sikioni.

"Yule wa dirishani, mwenye ushungi uliodariziwa ukingoni. Anaitwa Mboni. Huyo ukimwandikia hesabu ubaoni, kabla hujaweka chaki chini ameshakupa jibu. Anaishi na bibi yake, wanashona kofia za viua. Macho ya bibi yameanza kufifia, na ukoo wameshakaa kikao: akimaliza la saba abaki nyumbani, ashike sindano moja kwa moja. Nimekwenda kuwabembeleza mara mbili. Wamesema wataniachia tu kama atapata pa kusomeshwa mbali." Akanyoosha kola ya shati lake, ingawa ilikuwa imenyooka. "Sikuombi kitu. Nakwambia tu."

"Ungeniambia baadaye, mwalimu," Zuwena akasema.

Mboni alipewa kishikwambi namba kumi na saba.

Saa tatu kamili Zuwena akasoma maelezo, neno kwa neno, kidole kwenye mstari. "Utaona picha zimepangwa kwenye mstari. Zinafuata utaratibu. Chini yake kuna picha nne. Chagua moja inayofuata." Likaja swali la mfano: duara, mraba, duara, mraba, duara. Thelathini wote wakagusa mraba, na thelathini wote wakapata alama ya kijani. Mtoto mmoja wa nyuma, Msafiri, akanong'ona kwa sauti ya kusikika uani, "Mtihani wenyewe ndio huu? Nitapasua!" Wenzake wakacheka. Zuwena naye akapumua.

Kisha jaribio likaanza kwelikweli.

Sehemu ya kwanza ilikuwa na maswali kumi na mawili, kila moja sekunde arobaini, na yote yalifunguka kwa watoto wote kwa wakati mmoja. Kwenye kishikwambi cha msimamizi kulikuwa na visanduku thelathini vyenye namba. Kijani maana yake mtoto anakwenda vizuri. Njano, mfumo unashuku kwamba anabahatisha. Nyekundu, mfumo umemfungia, hana ruhusa ya kuendelea. Nyekundu ilikuja mtoto akikosa maswali manane katika sehemu ya kwanza.

Swali la kwanza, kijani. La pili, kijani, isipokuwa visanduku viwili vitatu vilivyofifia kidogo. Lilipopita la tatu, kisanduku namba kumi na saba kikageuka njano.

Zuwena alidhani kidole chake kimegusa vibaya. Akakifungua. Makosa matatu kati ya matatu.

Akainua macho. Mboni alikuwa ametulia tuli. Hakuwa akitazama dari wala kutafuna kucha. Alikuwa anaangalia kioo kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri, kisha anagusa jibu bila wasiwasi, anaweka mikono pajani, anangoja linalofuata.

Swali la nne. Makosa manne kati ya manne.

"Ya Rabi," Zuwena akajisemea. Huenda ni ugeni wa mashine. Huenda Mwalimu Ernesti alitia chumvi, walimu humpenda mtoto wakamuona mkubwa kuliko alivyo. Lakini kijasho chembamba kilikuwa kimeshamtoka chini ya mtandio. Msimamizi aliruhusiwa kutembea kati ya madawati, mradi asiseme. Akatembea. Alipita nyuma ya Msafiri aliyekuwa anakunja uso, akapita kwa watoto wawili wa mstari wa kati, akafika dirishani huku anajifanya anaangalia waya wa umeme.

Swali la tano lilikuwa linafunguka. Nukta moja, nukta mbili, nukta tatu, nukta nne. Swali jepesi kuliko yote. Chini yake picha za kuchagua: nukta tano, nukta tatu, nukta mbili, na kisanduku kitupu kisicho na nukta hata moja.

Kidole cha Mboni kikaelea juu ya kioo bila kukigusa. Kilianzia kwenye nukta nne. Kikaja kwenye tatu, kikaja kwenye mbili, kikaja kwenye moja. Kilikuwa kinatoka kulia kinakwenda kushoto, polepole, kwa uhakika. Kisha kikashuka kwenye kisanduku kitupu.

Zuwena akaelewa. Mtoto habahatishi. Mtoto anapata yote. Anayapata kutoka upande mwingine.

Na mfano! Mfano wenyewe ndio uliomdanganya. Duara, mraba, duara, mraba, duara: uanzie kulia, uanzie kushoto, jibu ni mraba. Alianza kulia, akaambiwa sahihi, akaendelea kama alivyothibitishiwa. Hapakuwa na mshale wala kisanduku cha pengo kuonyesha mstari unaelekea wapi. Waliotunga hawakuona haja ya kulisema, na Zuwena mwenyewe, aliyesoma maelezo yale mara ishirini, hakuona.

Swali la sita likaisha. Makosa sita kati ya sita. Bado mawili, na mfumo utamfungia.

Sekunde arobaini za swali la saba zikaanza kuhesabika. Zuwena alirudi mezani. Akinyamaza, atakuwa ametii kila neno la kanuni, hakuna atakayemlaumu, na mtoto yule atarudi kwa bibi yake akijua kwamba amepimwa akaonekana hana akili. Akisema, huenda akawafutia wote thelathini. Akamtazama Mwalimu Ernesti mlangoni. Mwalimu alikuwa anatabasamu, hajui lolote.

Sekunde thelathini na moja. Thelathini.

"Watoto," Zuwena akasema. "Sikilizeni, msiinue vichwa. Kila mstari wa picha unaanzia kushoto unakwenda kulia. Kushoto ni upande wa dirishani."

Msafiri akasema, "Aa, mwalimu, hilo si linajulikana!" na kicheko kikapita madawatini.

Mboni hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa, anamtazama Zuwena kwa macho ya mtu aliyeuziwa chumvi kwenye mfuko wa sukari. Kisha akainama, kidole kikaenda mpaka mwisho wa kushoto wa kioo, kikaanza upya.

La saba, sahihi. La nane, sahihi. Zuwena alishika ukingo wa meza mpaka sehemu ile ya kwanza ikaisha, na hakuna kosa jingine lililoongezeka kwenye namba kumi na saba. Sehemu ya pili na ya tatu hazikuwa na mistari. Zilikuwa za kutafuta umbo lisilofanana na mengine na za kukunja karatasi kwa mawazo. Mboni alizipita kama anayeteremka kilima. Lakini njano ilikuwa pale pale. Mfumo haukusahau yale sita.

Watoto walipotoka kwenda kunywa uji, likaja tamko. *Je, uliongeza neno lolote katika maelezo uliyopewa?* Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Mwalimu Ernesti alikuwa amekuja nyuma yake. Alisoma, akasogea karibu zaidi.

"Hapana," akasema taratibu. "Gusa hapana, binti."

"Lakini niliongeza, mwalimu. Umenisikia."

"Nimekusikia unawaambia watoto kushoto ni wapi. Hilo nalo ni neno? Mimi huwaambia hivyo kila siku tangu la kwanza!" Akashusha sauti. "Wamefanya vizuri wengi. Nimeona kijani kimejaa. Usiniharibie."

Zuwena alitamani kumtii. Kidole kilikuwa juu ya neno lile, na lingemwokolea kila kitu: kazi yake, shule, aibu ya kuonana na dada Nazlin. Lakini akiweka hapana, yale makosa sita yatabaki makosa, kwa maandishi, na hakuna atakayeuliza. Na kesho kutwa atakwenda shule ya pili, na wiki ijayo ya tatu, asome maelezo yale yale kwa watoto wengine huku anajua.

Akagusa ndiyo. Visanduku vyote thelathini vikageuka kijivu. *Kikao kimesimamishwa. Subiri mratibu.*

"Umewamaliza wote," Mwalimu Ernesti akasema. Hakufoka, na ndiyo maana iliuma zaidi. Akatoka nje, akasimama barazani amempa mgongo.

Nazlin alifika kwa bajaji baada ya nusu saa, miwani imepandishwa juu ya mtandio, mkoba wa kompyuta begani. Akamwamkia Mwalimu Ernesti kwa heshima, akaomba radhi kwa usumbufu, akaingia darasani, akafunga mlango. Hapo tu ndipo sura ilipobadilika.

"Nilikwambia nini, Zuwena?"

"Ulinambia, dada."

"Nilikwambia nini?"

"Huruma niiache nyumbani."

"Ukaibeba ukaja nayo! Tena siku ya kwanza, shule ya kwanza. Unajua nitaandika nini? Nitaandika kikao kimefutwa. Shule inatoka. Hao watoto thelathini hawana kosa, lakini wanatoka, kwa sababu yako."

Machozi yalikuwa yamemfikia Zuwena kwenye kope, akajikaza kisabuni. "Andika, dada. Ila kabla hujaandika, fungua majibu ya namba kumi na saba. Nakuomba hilo tu."

"Nimeshayaona njiani kwenye simu. Amekosa sita mfululizo. Wanaokosa ni wengi."

"Amekosa *vipi*? Mtu akibahatisha maswali sita, picha nne nne, si atapata hata moja kwa bahati? Soma mistari kutokea kulia."

Nazlin akafungua kompyuta kwa hasira, kama anayetaka kumaliza ubishi wa mtoto. Akaweka swali la kwanza. Macho yakaenda kulia, yakarudi kushoto. Akaweka la pili. Alipofika la nne alikuwa ameshusha miwani machoni. Alipomaliza la sita, vidole vilikuwa vimesimama juu ya meza.

"Mwite," akasema.

Mboni aliingia huku anafuta uji mdomoni kwa ncha ya ushungi. "Shikamooni."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Hukufanya kosa," Nazlin akamwambia. "Nataka kujua kitu kimoja. Kwa nini ulianzia kulia? Ni kwa sababu ya chuoni, mnavyosoma Kurani?"

Mboni akamtazama Zuwena, kisha akatazama sakafu. "Hapana. Chuoni nasoma kutoka kulia, shuleni nasoma kutoka kushoto. Lakini hii haikuwa kusoma."

"Ilikuwa nini?"

"Nakshi." Alilisema kama jambo lisilohitaji maelezo, halafu akaona wakubwa wawili wanamngojea. "Ubavu wa kofia. Bibi anashona ua hili, hili, hili, halafu ananipa nimalizie. Sindano inaingia kulia inakwenda kushoto. Sasa nikiulizwa lipi linafuata, linafuata huku." Akaonyesha kwa kidole hewani. "Na mashine ikasema sahihi. Ule mfano."

"Na ile ya nukta? Moja, mbili, tatu, nne. Hukufikiri tano?"

"Nilifikiri. Lakini nikasema, mtihani huu una mitego, nisibadilishe upande katikati."

Nazlin akacheka pumzi moja, bila kutaka. Babake alikuwa na duka la vitambaa na nyuzi pale Ngamiani tangu kabla hajazaliwa. Wanawake wa kofia walikuwa wakija kila wiki, naye akiwapimia uzi. "Nimewauzia uzi mpaka nimekuwa mtu mzima," akasema, si kwa Mboni wala kwa Zuwena, "sikuwahi kuangalia wanaanzia wapi."

Mboni akakaza mikono pajani. "Mwalimu, ni kweli wenzangu wamefutiwa kwa sababu yangu? Msafiri amesikia dirishani, anasema hivyo uani."

"Msafiri atafute kazi nyingine ya kufanya," Nazlin akamjibu. "Nenda kamalize uji wako."

Mlango ulipofungwa, Nazlin akasema kwa sauti ya kazi. Kikao cha leo kimekufa, hakifufuki. Zuwena ameongeza neno katikati ya swali, na kanuni ni kanuni. Lakini yeye Nazlin ataandika kwamba kasoro iko kwenye maelezo. Ataomba darasa zima lirudie Alhamisi kwa maswali mengine, na kwamba sentensi moja iongezwe mwanzoni, isomwe kwa watoto wa shule zote, kabla ya mfano.

"Watakubali?" Zuwena akauliza.

"Watapiga kelele. Nitapiga kelele zaidi." Akafunga kompyuta. "Ila wewe hutasimamia Alhamisi. Nitamleta Shazia, msimamizi mwenzako. Watoto hawa sasa wakikwama watakutazama usoni, na uso wako, mdogo wangu, unasema kila kitu. Kuhusu mkataba wako, siwezi kukuahidi kitu. Wakubwa wataniuliza kwa nini mtu aliyevunja kanuni bado yupo, na sijui nitawajibu nini."

Zuwena akaitikia kwa kichwa. Alipokuwa anavirudisha vishikwambi kwenye mkoba, Mwalimu Ernesti akaja akamshikia mdomo wa mkoba, na hilo likamtosha.

Jibu la wakubwa lilifika Jumatano: marudio yamekubaliwa. Juu ya mkataba wake hawakuandika chochote.

Alhamisi saa tatu Zuwena alikuwa kwao Ngamiani, ameketi barazani na sinia la mchele ambao alikuwa ameshauchagua mara mbili. Alijua dakika kwa dakika. Sasa Shazia anasoma maelezo. Sasa mfano. Sasa swali la tano. Mkono ulikuwa ukienda kwenye simu, anaurudisha. Mama yake akapita akalichukua sinia. "Mchele huu umechoka, mwanangu," akasema, akaingia ndani.

Saa nne na nusu simu ikalia. Mwalimu Ernesti.

"Wametoka," akasema.

"Na Mboni?"

"Anasema yalikuwa rahisi."

"Alhamdulillahi!"

"Wapi! Yuko hapa analia. Anasema hata mara ya kwanza yalikuwa rahisi hivi hivi. Huyu Shazia wenu naye ni jabali, hakuniacha nichungulie rangi hata moja. Hebu zungumza na mtoto, mimi nimeshindwa."

Kukawa na kelele za uani, kisha pumzi za kwikwi.

"Mboni. Ni Zuwena. Ulisomewa mstari unaanzia wapi?"

"Ndiyo. Kushoto."

"Na ukaanzia kushoto?"

"Yote. Hata nilipoona kulia ni kuzuri zaidi." Akavuta kamasi. "Kulikuwa na moja lenye pembetatu ndogo ndani ya kubwa, halafu ile ndogo—"

"Usinisimulie!" Zuwena akamkatiza. Alitaka kulisikia lile swali kuliko kitu chochote duniani. Angelichora kwenye vumbi la baraza pale pale, apate kujua. "Usinisimulie, mdogo wangu. Hairuhusiwi. Shule nyingine bado."

"Basi nitajuaje?"

"Majibu yakitoka."

"Lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili!" Mboni akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyeambiwa meli imeondoka.

"Hata mimi," Zuwena akasema. "Hata mimi nangoja wiki mbili."

Kule Mabawa kengele ilikuwa inagongwa, watoto wanakimbia, Mwalimu Ernesti anasikika akimwambia mtu aokote karatasi. Zuwena aliibana simu sikioni, akasikiliza kwikwi zikipungua moja moja, na hakuna aliyekata.